Gari la Nani Hili? Logibuku Haisemi Yote

Hapa Nairobi kila Mercedes kuukuu iliyo ndefu kupita kiasi ni "ya Mzee". Ukiikuta imepandishwa juu ya matofali nyuma ya gereji, kutu imekula milango na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, hutakosa mtu wa kukuambia kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku, kwamba kiti hicho kilikaliwa na Hayati Mzee Jomo Kenyatta. Akikosa ushahidi wa hilo atakuambia ilikuwa ya Idi Amin. Na kama si Mercedes bali ni gari la Kiingereza lenye taa kama macho ya bundi, basi lilikuwa la Gavana, au la yule Bwana Mkubwa aliyeuawa Karen wakati wa vita.

Mimi si mtu wa kuwaharibia watu hadithi zao. Lakini hadithi hizi siku hizi zina bei. Wanunuzi wa magari ya kale, wa hapa na wa ng'ambo, hawanunui chuma peke yake. Wananunua majina ya watu waliokuwa na chuma hicho. Gari lenye orodha kamili ya wenyewe, tangu siku lilipotoka kiwandani hadi leo, huuzwa kwa bei ambayo ndugu yake asiye na karatasi haioni hata ndotoni. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na kila moja historia yake imeandikwa: nani aliinunua, nani alishindana nayo, iligongwa wapi, ikauzwa kwa nani. Moja ya hizo ilipigwa mnada huko California mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Pesa hizo, msomaji mpenzi, si za mabati na matairi.

Kwa hiyo "lilikuwa la nani?" ni swali la pesa. Maoni yangu ni kwamba pia ni swali la haki, na sisi hapa petu hulijibu nusu nusu.

Tuanze na hiyo Mercedes ya Mzee, maana ni rahisi. Gari ambalo viongozi wengi wa dunia walilitumia katika miaka hiyo ni Mercedes 600, na Mzee Kenyatta alikuwa miongoni mwao. Kiwanda kiliyatengeneza tangu 1963 hadi 1981, na kwa muda wote huo yalitoka magari 2,677 tu. Namba ya chasisi ya kila moja imewekwa kwenye kumbukumbu za kiwanda huko Stuttgart, pamoja na rangi yake ya kwanza na nchi lilikopelekwa. Hakuna haja ya sauti ya chini wala ya kutazama huku na huku. Futa kutu, soma namba, andika barua. Nyingi za hizo "za Mzee" wala si 600. Ni Mercedes za kawaida zilizokuwa za mameneja wa makampuni, na hakuna aibu yoyote gari kuwa la meneja.

Rolls-Royce nazo zina utaratibu wao, na wa kale zaidi. Kabla ya Vita vya Pili kampuni hiyo haikuuza gari zima. Iliuza chasisi na injini, kisha mwenye pesa akapeleka kwa waunda mabodi kama Hooper, Barker au Park Ward akavishiwa nguo aliyoitaka. Kila chasisi ilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi liliandikwa jina la aliyeagiza. Kadi hizo leo zimehifadhiwa na chama cha wapenzi wa magari hayo katika nyumba iitwayo Hunt House, kijiji cha Paulerspury, Uingereza. Mtu akiwa na namba sahihi anaweza kujua ni bwana gani aliyelipia gari lake la 1930 na ni siku gani lilikabidhiwa.

Sasa ona kichekesho. Kutoka kijiji kile cha Uingereza tunaweza kujua nani alilinunua gari mwaka 1930, lakini tukiwa hapa hapa Ngong Road hatuwezi kujua lilikuwa mikononi mwa nani mwaka 1975.

Sababu si moja. Kitabu cha gari, kile tunachokiita logibuku, kilikuwa zamani kitabu kweli. Kilikuwa na kurasa, na kila gari lilipouzwa jina la mwenye kulinunua liliongezwa chini ya jina la mwenzake, likapigwa mhuri na kutiwa tarehe. Ukipata kitabu kama hicho cha gari la kifahari unasoma historia ya nchi kwa majina tu. Ukurasa wa kwanza Mzungu mwenye shamba. Anayefuata ni Mhindi mwenye duka au wakili. Halafu, baada ya Desemba 1963, linaingia jina la Mwafrika, aghalabu mtu wa cheo, mmoja wa wale waliokuja kuitwa Wabenzi. Chini yake kampuni, maana wakubwa walijifunza upesi kwamba si busara kila kitu kuwa na jina lako. Na mwisho kabisa jina la mtu mwenye gereji, ambaye huenda alilichukua gari kwa sababu mwenyewe hakurudi kulipa.

Lakini vitabu hivyo vimetoboka. Watu wetu wana tabia ya kuuza gari bila kubadilisha jina. Muuzaji anatia sahihi fomu, anaacha nafasi ya mnunuzi wazi, na fomu hiyo inasafiri na gari kutoka mkono hadi mkono kwa miaka. Gari limeshakuwa na wenyewe wanne na serikali inamjua mmoja tu, tena labda alishahamia Leicester tangu 1968. Waliohama mwaka ule, baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara za 1967, walikuwa wengi na walikuwa na haraka, kwani Uingereza nayo ilifunga mlango wake Machi 1968. Motokaa nyingi ziliachwa kwa bei ya kutupa, na kwa mapatano ya mdomo.

Kisha ofisi zenyewe zimehama. Usajili wa magari uliwahi kuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, ukapelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na sasa shughuli yote iko katika kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Mwizi wa magari anazidi kupata taabu, na hilo ni jambo jema. Lakini kompyuta inataka kumjua mwenye gari wa leo. Yule wa 1958 haimsumbui akili.

Tusidhani kwamba Waingereza walikuwa waangalifu kuliko sisi. Kwao usajili ulikuwa wa mabaraza ya wilaya, hadi ulipokusanywa kwenye kompyuta moja ya Swansea kuanzia 1974. Gari ambalo halikuandikishwa huko kufikia mwisho wa Novemba 1983 lilipoteza namba yake, na madaftari mengi ya mabaraza yalitupwa. Wapenzi wa magari ya zamani kule wanayalilia mpaka leo. Tofauti yetu nao ni kwamba wao walikuwa na vyama vya kuokota yaliyotupwa.

Nimesema ni swali la haki. Sasa nieleze haki ya nani.

Mwaka 1990 kulikuwa na kesi katika Mahakama Kuu ya London juu ya Bentley moja iitwayo Old Number One, gari lililoshinda mashindano ya Le Mans mara mbili mfululizo, 1929 na 1930. Mwenyewe, Bw. Ed Hubbard, alikuwa amepatana na kampuni moja aiuze kwa pauni milioni 10. Kampuni ikasita. Ikasema: gari hili si lile. Chasisi imebadilishwa, injini imebadilishwa, bodi imebadilishwa. Kilichobaki cha 1929 ni vipande vidogo vidogo. Kweli ilikuwa hivyo, hakuna aliyebisha. Hata hivyo hakimu alimpa Bw. Hubbard ushindi. Alisema gari lile liliendelea kuishi bila kukatika. Vipande vilibadilishwa kimoja kimoja, kwa kazi na kwa sababu, na hakukuwa na siku ambayo lilikufa likazaliwa gari jingine.

Fikiri vizuri juu ya hukumu hiyo. Kilichotetea pauni milioni 10 hakikuwa jina la tajiri aliyelinunua gari. Kilikuwa ni kujulikana kwa kazi iliyofanywa juu yake: kipande gani kilitoka, lini, kikaingia kipi. Yaani ushahidi wa makanika.

Na makanika wa magari ya kifahari ya Nairobi walikuwa akina nani? Nenda Kawangware ukaulize. Ulizia Kibera, ulizia Dagoretti Corner. Mtaa wetu wa Ayany una wastaafu wengi waliokula mshahara kwa usukani na kwa spana: madereva wa makampuni, wa wizara, wa balozi, wa nyumba kubwa za Muthaiga na Karen, mafundi wa gereji za mjini waliokuwa wakirudi nyumbani na mikono inayonuka petroli hata baada ya kuoga. Kibera yenyewe ilianza mapema karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na watu wa jeshi huzoea mashine. Mkoloni alipoagiza Humber au Daimler hakuiosha yeye. Hakuitoa kwenye matope ya barabara ya Naivasha yeye. Na springi ilipokatika na meli ya vipuri ikawa bado iko baharini, hakuwa yeye aliyepima springi ya lori la Bedford, akaikata, akaitoboa na kuifunga mahali pake, gari likatembea kwa miaka 10 zaidi.

Hiyo springi ya Bedford ndiyo jambo ambalo mtaalamu wa ng'ambo anapoiona leo anatikisa kichwa na kuandika "si asili". Kwangu mimi hiyo ndiyo asili ya gari hilo kuwa la Kenya.

Yuko mzee mmoja hapa Ayany, jina lake nitalihifadhi, aliyeendesha Daimler ya tajiri mmoja kwa miaka 19. Alianza enzi za mkoloni na kumaliza enzi za Moi. Tajiri alibadilika, dereva akabaki, maana aliuzwa pamoja na gari kama anavyopenda kusema mwenyewe, huku akicheka. Jina lake halimo katika kitabu cha gari hilo. Hata hivyo anajua kwamba mlango wa nyuma wa kushoto si wake, uliletwa baada ya ajali ya usiku karibu na Limuru. Anajua saa ya kwenye dashibodi ilisimama mwaka gani na kwa nini. Anajua mwenye gari wa pili aliagiza kiti cha nyuma kifumuliwe kikashonwe upya kwa sababu mkewe hakutaka kukalia mahali alipokalia mwanamke mwingine. Siku moja gari la aina hiyo lilipita Ngong Road likielekea uwanja wa mbio za farasi, nami nikamgutua: Mzee, si lile lenu hilo? Hakugeuza hata shingo.

"Si lile," alisema. "Lile letu lilikuwa likikohoa kabla ya kushika gea ya tatu."

Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote, mnunuzi au mwandishi, aliyewahi kumjia kuuliza habari za gari hilo. Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Wangeniuliza nini, mwanangu? Mimi sikuwa mwenye gari. Nilikuwa naliendesha tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Watu wa magari ya kale tunao, na kazi yao naiheshimu. Tangu 1970 yamekuwako mashindano ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja huo huo wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambao kijana mwenye miguu mizuri kutoka Ayany anaufikia bila matatu. Siku hiyo ya Septemba utaona mambo. Gari la 1930 na kitu linang'aa kuliko siku lilipozaliwa. Waamuzi wanazunguka, wanainama, wanachungulia chini ya chasisi wakitafuta chembe ya matope, wanafungua boneti, wanapitisha kidole mahali ambapo hata mwenye gari hajawahi kupafikia. Wanampa alama kila mmoja kwa usafi na kwa hali ya gari. Ni burudani safi na kazi ya jasho, na wako mafundi wetu wengi ambao mikono yao imeng'arisha vikombe hivyo.

Lakini tukishamaliza kupiga makofi, tunasoma kibao kilichosimamishwa mbele ya gari. Mwaka, kiwanda, nguvu za injini, mwenye gari. Hapo ndipo habari inapokatikia.

Hadithi ya gari iliyo maarufu kupita zote hapa kwetu pia imekatika vivyo hivyo. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 gari aina ya Buick lilionekana limeacha barabara kule Karen, kwenye njia ya Ngong, kilomita chache kutoka hapa nilipo, na ndani yake alikuwamo Lord Erroll amepigwa risasi ya kichwa. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, kesi ikavuta watu mjini kama sinema, na mwezi wa Julai akaachiliwa. Kimeandikwa kitabu cha James Fox mwaka 1982, ikatengenezwa filamu mwaka 1987, na bado watu wanabishana nani alivuta bunduki. Wake za watu waliohusika twawajua kwa majina, na vinywaji vyao, na mbwa wao. Na walioliona lile Buick kwanza, gizani, taa zikiwaka? Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini kwa lori. Ndio waliosimama, ndio walioshuka kutazama. Katika masimulizi mengi wanapita kwa sentensi moja kisha lori linaondoka na maziwa yake.

Ziko sehemu ambako jambo hili limefanywa vizuri zaidi. Pale Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, mtaa unaoitwa kwa jina la Shaaban Robert, ipo Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya mkoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Hakuna haja ya kupamba. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye, na gari lililonunuliwa ili mtawaliwa atetemeke likambeba kiongozi wa waliokuwa wakitetemeshwa. Mtoto wa shule akisimama mbele yake anaelewa kwa dakika moja jambo ambalo mwalimu wa historia analizungukia wiki nzima. Huo ndio mfuatano wa wenyewe wenye maana. Nami ningependa kumjua aliyeshika usukani huo, kwa sababu nashuku alikuwa mtu yule yule kabla ya sherehe na baada ya sherehe.

Zanzibar nao walikuwa na Zephyr ya Mzee Abeid Karume, iliyoonyeshwa kwa miaka katika Beit al-Ajaib. Tunajua yaliyolipata jumba lile siku ya Krismasi ya 2020, lilipoporomoka upande mmoja. Kwa hiyo kuweka gari katika nyumba ya makumbusho nako hakutoshi. Kilichoandikwa na kunakiliwa mara tatu mahali patatu ndicho kinachosalimika.

Sisi Kenya sheria yetu ya mambo ya kale, ile ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, inasema kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ni mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la kwanza Januari 1886 huko Ujerumani, na mwaka 1895 hata reli ilikuwa bado haijaanza kupanda kutoka Mombasa. Kwa maneno mengine, kwa sheria hiyo hakuna motokaa hata moja katika Kenya yote inayoweza kuwa kitu cha kale, hata ikiwa imezeeka kiasi gani. Sheria inampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu chenye maana ya kihistoria kuwa kinalindwa, basi mlango upo. Ni kuubisha tu.

Na tukumbuke kwamba haya tuliyo nayo hayaongezeki kwa urahisi. Kwa kawaida gari lililopita miaka minane tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingia nchini. Kanuni hiyo ni ya maana, tusije tukawa jaa la dunia, lakini inamaanisha kwamba gari la 1935 likishauzwa nje pengo lake halizibiki upesi. Linapoondoka huondoka na hadithi yake, na huko liendako hadithi itaandikwa upya na mtu ambaye hajui Limuru iko wapi. Ataandika: "Lilikuwa Afrika kwa muda." Miaka 60 ya gari na ya watu, maneno manne.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa: Bwana, unakaa Kibera, mahali ambapo watu hununua maji kwa mtungi, na unatujia na habari za Daimler na Rolls-Royce? Wabenzi na walie wenyewe juu ya magari yao. Jirani yangu mmoja, mama muuza samaki, alinieleza hivyo kwa maneno makali zaidi ambayo mhariri asingeyakubali. Jibu langu ni hili. Ikiwa habari hizi ni za Wabenzi peke yao, basi ni kweli, tuwaachie. Lakini nimeonyesha kwamba London hakimu aliamua kesi ya pauni milioni 10 kwa kufuata kazi ya mafundi. Mzee wa Ayany ana ushahidi wa namna hiyo kichwani mwake. Mwenye gari akiuza kwa mamilioni kwa sababu ya historia, na historia hiyo ameipata kwa mazungumzo ya bure kwenye benchi la nje ya nyumba ya mtu, hapo kuna mtu ameibiwa. Mpimaji wa ardhi hulipwa, daktari akitoa ushahidi hulipwa, wakili hulipwa kwa kusafisha koo. Dereva aliyekaa na gari miaka 19 ni mtaalamu wa gari hilo. Alipwe, na jina lake liandikwe.

Tena hao wazee hawatungoji, wala karatasi zao hazitungoji. Mwaka juzi pale soko la Toi nilinunua njugu, nazo zilikuwa zimefungwa katika kipande cha risiti ya gereji ya mwaka 1967. Kusaga vali, plagi sita mpya, oili. Herufi nzuri za kalamu ya wino. Namba ya gari ilikuwapo. Jina la mteja lilikuwa limeraruliwa. Nikamwuliza muuzaji zilikotoka karatasi hizo. Akaniambia aliuziwa kwa kilo, gunia zima, na watoto wa fundi mmoja waliokuwa wakisafisha nyumba baada ya matanga. Gunia lilikuwa limebaki robo. Nilinunua ile robo, na njugu nikazila kwa wiki mbili.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza, na si magumu. Mwenye logibuku ya zamani asiitupe anapopewa cheti kipya. Aipige picha kurasa zote. Tunayo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, pale Moi Avenue katika jengo lililokuwa Bank of India, na ndani yake umo mkusanyiko wa Hayati Joseph Murumbi, vitabu na vitu vya thamani, ambao aliuachia taifa ingawa wageni wenye fedha waliutaka. Madaftari ya zamani ya usajili wa magari, yale yaliyosalia katika ofisi mbalimbali, mahali pake ni hapo. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu wapewe tepu na nauli, waende Ayany, Woodley, Kawangware na Pumwani, wakae na madereva. Wasianze na swali la nani alikuwa mwenye gari. Waanze na: lilikuwa likisumbua wapi? Mtu aliyelijua gari atajibu swali hilo bila kufikiri, na aliyelisikia tu atababaika. Kwa njia hiyo hata zile Mercedes "za Mzee" zitapungua haraka.

Na wale waandalizi wa Concours, ambao wana uwanja, wana watu na wana heshima, waongeze mstari mmoja kwenye kibao. Baada ya mwenye gari, aliyeliendesha. Baada ya aliyeliendesha, aliyelitengeneza. Kama mtu huyo yu hai, aalikwe akae kando ya gari siku nzima, kwenye kiti, chini ya mwavuli, watu wamwulize.

Yule mzee wangu nimeshamwuliza kama angekwenda. Alifikiri kidogo. Alisema atakwenda, mradi apelekwe na kurudishwa, apewe soda baridi, na mtu yeyote asimwambie asiguse.